Kumfundisha mtoto kusoma kupitia manunuzi ya dukani: nianzie wapi?

Mama wa Langoni, Lamu
Assalaam alaykum ndugu zangu. Binti yangu ana miaka mitano na yuko PP2, darasa la pili la shule ya awali. Kila akiona pakiti ya unga wa Jogoo hulitaja jina kwa furaha, lakini nikimwandikia neno hilo hilo kwenye karatasi hulitazama kama kwamba hajapata kuliona. Maduka ya mtaani kwetu ni ya kaunta, na mchele, mbaazi na maharagwe hupimwa katika mifuko isiyo na maandishi yoyote. Nifanyeje ili safari za dukani zimsaidie kusoma kwa kweli?

Mwalimu wa awali, Mkomani
Wa alaykum salaam, dada. Binti ameitambua picha ya jogoo na rangi za pakiti, herufi bado. Kwa hiyo karatasi yako ndiyo kipimo cha haki. Kabla ya kutoka nyumbani, andikeni pamoja orodha ya vitu vitatu, kisha yeye ndiye aisome mbele ya muuzaji. Kiswahili kinatusaidia mno hapa, kwa kuwa neno husomwa jinsi lilivyoandikwa: mtoto aliyezishika silabi za nazi na sukari anaweza kusoma pia kazi, zina na suka bila ya kufundishwa upya. Mchele na mkate zisubiri kidogo, kwa sababu m ya mwanzo ni silabi inayosimama peke yake, na watoto wengi huiongezea irabu wakasoma "muchele". Ngano na ndizi nazo zahitaji subira.

Tena, ikiwa anakwenda chuoni, yaani madrasa, macho yake yamezoea mstari wa Kiarabu unaoanzia kulia. Mwekee kidole upande wa kushoto wa orodha kila mara, bila ya kumkemea. Anajifunza maandishi ya namna mbili kwa wakati mmoja, na mimi naliona hilo kuwa ni neema.

Baba wa watoto wawili, Malindi
Sisi huenda supamaketi, ambako mtoto aweza kuishika pakiti mwenyewe, ila maandishi makubwa mara nyingi ni ya Kiingereza, na mtoto aliyezoea silabi zetu huchanganyikiwa. Mimi hutafuta pakiti zilizoandikwa "unga wa mahindi" na "unga wa ngano", kisha humwomba mwanangu anionyeshe neno "unga" katika zote mbili. Kwa kuwa rangi na picha zinatofautiana, hana budi kuangalia herufi. Vile vinavyopimwa bila maandishi, mwandikieni majina kwenye mikebe ya jikoni: iliki, bizari, mbaazi.

Mwenye duka, Lamu
Dada, mlete Jumamosi asubuhi, kwani karibu na magharibi wateja hujaa na mtoto atasoma kwa hofu. Nakuomba usimtangulie kunitajia unachotaka. Akisoma chumvi ilhali mmeandika sukari, nitaiweka chumvi juu ya kaunta ili ailinganishe mwenyewe na karatasi yake.

Mama wa Langoni, Lamu
Ahsanteni sana. Jumamosi tutaandika nazi, viazi na sukari, na mchele nitautaja mimi kwa sasa.