Soko huria la umeme liko wapi, wakuu?

Mleta mada:
Kila ikitajwa sheria ya kuyalazimisha makampuni ya umeme kununua kiasi fulani cha upepo na jua, jibu ni lilelile: serikali ikae pembeni, soko liamue. Soko lipi? Biashara hii tangu zamani ni ya leseni, nguzo za kampuni moja na bei za mdhibiti. Makaa ya mawe yanaonekana rahisi kwa sababu moshi wake analipia mwenye mapafu, si mwenye mtambo. Nyuklia nayo, Marekani ilibidi itunge sheria mwaka 1957 kuwawekea wenye mitambo kikomo cha fidia ajali ikitokea.

Tazameni Texas, watu wasiopenda kabisa kupangiwa na serikali. Mwaka 1999, George W. Bush akiwa gavana, waliagiza megawati 2,000 mpya za nishati jadidifu (isiyoisha, kama upepo na jua) zipatikane kufikia 2009. Zilipatikana mapema, na leo hakuna jimbo la Marekani linaloifikia Texas kwa umeme wa upepo.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umeruka kipande. Upepo unavuma magharibi ya Texas, watu wako mijini. Zilijengwa njia za umeme za karibu dola bilioni 7, na gharama ikaingia kwenye bili za wateja wote. Hilo hukulitaja.

Halafu kuna Ujerumani. Sheria ya mwaka 2000 iliwahakikishia wazalishaji wa umeme wa jua na upepo bei maalumu kwa miaka 20. Paneli zikashuka bei haraka kuliko wapanga bei walivyotarajia, watu wakakimbilia kujenga, na tozo ya kugharamia bei hizo kwenye bili ikafika senti 6.88 za yuro kwa uniti mwaka 2017. Viwanda vinavyotumia umeme mwingi vilipunguziwa, familia zikabeba. Mfanyabiashara akikosea hesabu anafilisika yeye. Serikali ikikosea, unalipa wewe. Kama shida ni moshi, utozwe kodi moshi, kila mtu atafute mwenyewe njia ya kuupunguza.

Mleta mada:
Kuhusu bei za Ujerumani sibishi, walichelewa kuzishusha. Ila oda za paneli za Wajerumani ndizo zilizosaidia viwanda vya China kuzalisha kwa wingi, na nchi ambazo hazikuchangia hata senti zinanunua paneli kwa bei ya kutupa.

Kodi ya moshi naipenda, kwenye karatasi. Australia iliianza mwaka 2012, ikaifuta 2014. Lengo lao la nishati jadidifu lilipunguzwa tu mwaka uliofuata, halikufutwa. Kodi inaonekana, agizo linajificha ndani ya bili. Si sababu ya kujivunia, lakini ndivyo siasa ilivyo.

Mchangiaji wa pili:
Mnabishania bei, ilhali bei inaweza kutafutwa kwa mnada: serikali itaje kiasi inachotaka, makampuni yashindane. Nao una mitego. Uingereza mwaka 2023 iliweka kikomo cha bei cha chini mno, na hakuna aliyejitokeza kujenga mitambo ya upepo baharini.

Mimi nauliza kuhusu tarehe ya mwisho. Texas yenyewe iliamua mwaka 2023 kuliondoa lile agizo hatua kwa hatua, maana mitambo ilishajengwa mara nyingi zaidi ya lengo. Mleta mada, agizo unalolitetea linakoma lini, na nani atakubali likome?

Mleta mada:
Lengo likishafikiwa, life. Nani atakubali, hapo umenibana.