Tupeane uzoefu: mtaani kwenu mnamlindaje mtoto aliye hatarini, na kesi zinafia wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Huku kwetu Shinyanga tuna kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, hizi zilizokuja na MTAKUWWA, ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, mwaka 2017. Kwenye karatasi imekamilika: mtendaji, mwalimu, mhudumu wa afya, viongozi wa dini. Nimekaa humo, na naona kuripoti siyo kazi tena. Watu wanapiga 116, ile namba ya msaada kwa mtoto, ni bure, hata watoto wa shule wanaijua. Kazi inaanza pale wazee wa pande mbili wanapokaa kuhesabu ng'ombe. Binti ni wa darasa la saba, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) imejazwa, dawati la jinsia la polisi limefungua jalada, halafu mama mtu anakuja ofisini: "Tumeshaelewana, naomba mfute." Siku ya kesi shahidi haonekani.

Msiniambie semina. Semina tumekaa, soda tumekunywa. Semeni kilichowasaidia na kilichowashinda, ila msitaje jina wala chochote cha kumtambulisha mtoto.

Mwalimu, Geita
Sisi tulianzia kwenye daftari la mahudhurio. Mtoto akikosa siku tatu mfululizo, mwalimu wa darasa anampigia mwenyekiti wa kitongoji, naye anafika nyumbani. Wengi tunawakuta kwenye mialo, sehemu za kuoshea dhahabu, wanakoroga mchanga wenye zebaki kwenye karai kwa mikono mitupu. Kuwatisha wazazi hakukusaidia, mtoto alirudi wiki moja akapotea tena. Mambo yalibadilika tulipowaita kwenye kikao wenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Mmoja alikuja juu kwamba tunamharibia biashara. Sasa hivi ndiye anayenipigia: "Mwalimu, kuna wako wawili hapa, njoo uwachukue."

Boda wa stendi, Mbeya
Kwetu ni fupi. Binti mdogo akishuka basi la usiku peke yake, kashika kikaratasi chenye namba ya "anti" na simu haipatikani, hatumpakii. Anakaa kwa mama wa chai, sisi tunampigia afande wa dawati. Abiria tunampoteza, sawa.

Mama wa Temeke
Mimi ni mlezi, wale ustawi wa jamii wanaowaita watu wa kuaminika. Wanakufundisha, wanakuja kukagua unapoishi, basi unasubiri simu. Na simu ikija ni usiku. Wa mwisho alifika na sare ya shule na kandambili za mtu mzima. Wiki nzima alikuwa analala na kandambili zile kifuani, na ugali anauficha chini ya godoro. Sikumuuliza kitu. Wanaokimbilia kumhoji mtoto, hata kama ni wa kamati, waacheni hayo maswali kwa afisa aliyesomea. Mtoto akisimulia mara tano kwa watu watano, maneno yanapishana, wakili wa upande wa pili anafurahi. Posho hakuna, tusidanganyane. Kikoba chetu kinatenga shilingi 500 ya kila mwanachama kila wiki.

Mdau wa sheria, Dodoma
Mleta uzi, huyo mama hana cha kufuta. Jinai ni ya Jamhuri, mlalamikaji akinuna kesi haimfuati nyumbani. Tena kwenye makosa ya kujamiiana, Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama imtie mtu hatiani kwa ushahidi pekee wa mtoto aliyetendewa, ikiridhika kwamba anasema kweli. Na Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa aripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Yeyote, hata jirani asiyependa kesi.

Mleta uzi
Sheria tunaijua, mkuu. Ila kama binti anaishi nyumba ileile inayosubiri ng'ombe, nani atampeleka mahakamani? Afisa ustawi wetu hana hata pikipiki. Mama wa Temeke, hiyo 500 anashika nani?

Mama wa Temeke
Mweka hazina wa kikoba, na daftari lake linasomwa kila kikao, mwenyekiti wa mtaa akiwepo. Inatoka kwanza nauli ya mtoto na shahidi kwenda mahakamani, na chakula cha mchana, maana kesi ikiahirishwa mnashinda pale hadi jioni. Sabuni na madaftari baadaye.