Apadana ya Persepolis: nguzo 72 zinakaaje?

Usanifu_Ngara: Wadau, tunajenga modeli ya Apadana, ukumbi mkubwa wa wafalme wa Uajemi ya kale huko Persepolis, kwa skeli ya 1:200, inaonyeshwa hapa Nairobi Ijumaa. Nguzo 72 hazitoshei ukumbini. Na kwa nini kuta za Persepolis zimepotea ilhali fremu za mawe za milango zingalipo?

Fundi_Kariokor: Ndani ni 36 tu, sita kwa sita. Zilizobaki ni za baraza tatu, 12 kila moja: kaskazini, mashariki, magharibi. Kusini hakuna baraza, usijaribiwe. Ukumbi una takriban mita 60 kila upande, kwako sentimita 30. Nguzo karibu mita 20, yaani sentimita 10.

Kui_michoro: Wengi huharibu vichwa vya nguzo. Vya ukumbini ni fahali wawili waliopeana mgongo, na boriti hulala kwenye lile bonde kati ya shingo zao, si juu ya pembe. Boriti zilikuwa za mwerezi, mwepesi kuliko jiwe, ndiyo maana nguzo zimeachana karibu mita 9.

Fundi_Kariokor: Kuta zilikuwa matofali ya udongo. Alexander Mkuu alichoma jumba mwaka 330 KK, paa likaenda, mvua ikamalizia kuta; mawe yakabaki. Mawe yaliungwa bila chokaa, kwa vibanio vya chuma vilivyomiminiwa madini ya risasi. Baadaye watu walivichokoa, ndiyo yale mashimo kwenye viungo.

Usanifu_Ngara: Sawa, nang'oa safu ya kusini. Shukrani.