Kompyuta inaganda hata kabla ya Windows kuwaka, naombeni ushauri

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nipo Wete, Pemba. Nina kompyuta ya mezani ya mtumba, RAM 4GB, Windows 10, watoto wanaitumia kwa masomo na miye kwa mahesabu ya duka. Siku hizi inaganda ovyo. Mshale unasimama pale pale, saa ya pembeni haisogei, ukibonyeza Caps Lock hata kitaa hakiwaki. Hapo huna la kufanya ila kushikilia swichi mpaka izime.

Fundi wangu anataka kupiga Windows upya. Miye sijaridhika, maana juzi imeganda nikiwa ndani ya BIOS (ile skrini ya mipangilio ya kompyuta yenyewe), Windows hata haijaanza. Sasa kosa la Windows liko wapi hapo?

Nimeifungua, nikapuliza vumbi, nikachomoa RAM nikaisugua miguu kwa kifutio (sisi watu wa pwani kutu ndiyo jirani yetu). Feni inazunguka vizuri. Ila karibu na prosesa nimeona kapasita mbili (vile vikopo vidogo vya kutunza umeme) zimevimba kichwani, moja imetoa kama gundi ya kahawia.

Wenye uzoefu, hizo kapasita zinaweza kubadilishwa zenyewe kwa kuchomelea, au ndiyo madabodi (bodi kuu) imekwisha? Na pawasaplai (kile kiboksi kinacholisha kompyuta umeme) naipimaje kabla sijaunguza kifaa kipya? Jioni umeme huku kwangu hushuka mpaka taa zinafifia, na stebilaiza sina.

Kama kuna fundi wa kuchomelea Chake au hata Unguja mjini, nielekezeni. Ahsanteni.