Wasifu wa marehemu baba aliyekuwa mtumishi wa umma

Kitindamimba: Salaam, ndugu zangu. Marehemu baba yetu alikuwa bwana shamba wa serikali, na familia imenikabidhi jukumu la kuandika wasifu utakaosomwa kwenye arobaini yake. Ninayo orodha ya vituo vyake vya kazi na vyeo alivyopewa, lakini nikiisoma simwoni baba aliyekagua madaftari yetu kwa mwanga wa taa ya chemli kabla hajavua buti zenye tope. Niyaunganishe vipi?

Mzee wa Kihonda: Pole sana, mwanangu. Anza na hizo buti, kwani zinaeleza kazi yake na ubaba wake kwa pamoja, kisha vyeo vifuate kwa ufupi. Tazama tunavyomkumbuka Edward Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro tarehe 12 Aprili 1984 akiwa Waziri Mkuu: miaka aliyoshika wadhifa hutajwa na wachache, ilhali vita vyake dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983 vinasimuliwa hata na waliokuwa watoto wakati ule.

Mama Salha: Poleni kwa msiba. Naafiki kabisa. Watafute pia wakulima aliowahudumia, wakueleze aliwafundisha nini hasa, na umwombe mama yako asimulie jinsi nyumba ilivyoendeshwa mshahara ulipochelewa, kwa kuwa yeye ndiye aliyeubeba utumishi ule pamoja naye na jina lake halimo katika barua yoyote ya ajira.

Kitindamimba: Ahsanteni sana. Nitaanza na mama leo jioni.