Wakili kala ada yote, siku ya shahidi anasema "sina swali mheshimiwa"!!

Wakuu naandika hapa mikono inatetemeka kwa hasira. Mdogo wangu ana kesi ya unyang'anyi, yuko mahabusu miezi sasa, familia tukajichanga tukamlipa wakili ada yote kwa mkupuo maana alisema hashiki faili la mtu kwa nusu nusu. Toka hapo mahabusu hajakanyaga hata siku moja, simu hapokei, kesi ikitajwa anamtuma kijana wa ofisini kwake akaombe iahirishwe.

Leo ndo ilikuwa ya kusikilizwa. Kaja kachelewa, tunakutana koridoni, anafungua faili karatasi bado zimebanwa na pini ileile niliyobania mimi siku nampelekea, ananiuliza "huyu ndo yule wa kughushi?" Wa kughushi!! Yani hujui hata mteja wako kashtakiwa kwa kosa gani.

Sasa sikieni hii. Shahidi wa pili kwenye maelezo yake polisi, nakala tunayo, alisema kulikuwa na giza sura hakuiona. Leo kizimbani anasema taa ilikuwa inawaka na alimtambua vizuri tu. Mimi niko benchi la nyuma nasubiri wakili amuoneshe ile karatasi amuulize lipi la kweli, swali moja tu jamani. Kanyanyuka, kafunga kifungo cha koti, "sina swali mheshimiwa", kakaa. Mdogo wangu kageuka kunitazama na mimi sina la kumfanyia.

Na shahidi usipomhoji kwenye jambo mahakama inaweza kuchukulia umelikubali, rufaa siyo pa kwenda kuuliza maswali uliyoyaacha. Kule Marekani Clarence Gideon alijitetea mwenyewe akafungwa, Mahakama ya Juu 1963 ikasema ana haki ya wakili, kesi ikarudiwa na wakili aliyewabana mashahidi kisawasawa, akaachiwa mwaka huohuo. Huyo wa kwetu yupo mahakamani kavaa na suti, tofauti yake na kutokuwa na wakili ni ipi?

Kesho asubuhi naenda kuchukua faili letu na kudai hela yetu, na wakili mpya akipatikana cha kwanza aombe yule shahidi aitwe tena. Aliyewahi kufanikiwa kwenye hilo naomba aniambie alianzaje, tarehe nyingine iko karibu sana.