Nondo za kibaraza cha juu zimeoza, fundi anataka kuchomelea na kupiga lipu. Nimkubalie?

binti_chumbageni:
Shikamooni kwa mnaostahili, wengine habari za jioni.

Nyumba ni ya marehemu baba, ghorofa moja, iko Raskazone hapa Tanga, bahari unaisikia ukiwa kitandani. Aliijenga kidogo kidogo kwa mshahara wa bandarini, akamaliza 1991. Mbele ghorofani kuna kibaraza kilichochomoza kama mita moja na robo, hakina nguzo hata moja. Chini yake mama anauza vitumbua asubuhi, jioni anaweka mkeka na kuchambua mchele, maana upande ule hakuna kivuli kingine.

Tangu mwaka juzi chini ya kibaraza palikuwa na ufa na michirizi ya rangi ya kutu. Nikapaka rangi, nikaona nimemaliza. Wiki iliyopita usiku kipande cha zege kikubwa kama sinia kikaanguka. Bahati yetu ilikuwa saa nane za usiku.

Sasa nondo ziko nje, nimehesabu sita. Nikizigonga kutu inabanduka kama maganda ya kitunguu. Mwalimu mwenzangu wa ufundi alinipimia moja kwa kalipa: penye afadhali ni mm 10, katikati mm 7. Jirani mmoja mzee anasema enzi zile wengi mtaani walichanganya zege kwa mchanga wa ufukweni, na baba hakuwa tofauti.

Fundi amekuja, ametazama kama dakika tano, anataka laki tatu na nusu: akate zilizooza, achomelee mpya, apige lipu, siku mbili kazi imekwisha. Bei naimudu. Kinachonipa wasiwasi ni hizo dakika tano.

Niongeze kwamba juu ya kibaraza kuna simtanki la lita 1,000, maana maji yetu ni ya mgao. Sijui kama linahusika.

Kipara_wa_Makorora:
Dada mpe kazi huyo fundi, hiyo bei ya kiungwana. Kwangu tulichomelea nondo za ngazi miaka minne iliyopita na watoto wanapanda na kushuka hadi leo. Ukiita mainjinia watakuandikia makaratasi ya milioni.

Tindo_na_Nyundo:
Marahaba mwanangu. Kabla sijasema la nondo, shusha hilo tanki, leo hii kabla jua halijazama. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000, na umezining'iniza kwenye ulimi wa zege ulioanza kuoza. Fungua koki, liache litoke lote, mgao utawakuta na ndoo. Mama naye ahamishe mkeka.

Haya, sasa nondo. Huyo fundi wako, na wewe pia, mnatazama chini kwa sababu chini ndiko kulikobomoka. Slabu ya sebuleni imeshikwa kuta pande zote, ikielemewa inabonyea katikati, kwa hiyo inavutika upande wa chini, na nondo za kazi, yaani zinazobeba uzito, hukaa chini. Kibaraza kilichochomoza ni kinyume chake. Kimeshikwa upande mmoja tu, ukutani, na kikielemewa kinataka kuinama kwa nje. Kinachovutika ni upande wa JUU, tena zaidi pale kinapotokea ukutani. Nondo zinazokibeba zinatakiwa ziwe juu, ziingie ndani ya sakafu ya chumba.

Hizo sita ulizohesabu zinaweza kuwa mambo mawili. Huenda ni wavu mwepesi wa chini, na nondo zenyewe ziko juu salama. Au huenda ndizo hizo hizo za kazi: zilifungwa juu, siku ya kumwaga zege vibarua wakazikanyaga na makarai yao zikazama chini, na hakuna aliyezinyanyua. Nimeyaona hayo mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Ikiwa ni hilo la pili, hapo hakuna cha kukarabati. Kinavunjwa kwa utaratibu na kujengwa upya.

Utajuaje? Kwanza piga mirunda, nguzo za muda za kukishikilia kibaraza kwa chini. Chini weka mbao nene ili isizame kwenye mchanga, juu weka bodi, kaza kwa kabari mpaka uone imebana, lakini usikinyanyue kibaraza. Ndipo mtu apande juu, abandue sakafu sehemu mbili tatu karibu kabisa na ukuta, atafute nondo za juu na kuzipima. Asiyeanza na hilo hajui anachokarabati.

Nikupe na kosa langu. Mwaka 2008 nilitengeneza bimu ya nyumba moja Pangani. Nilisafisha nondo, nikaziba kwa zege zuri, nikasifiwa na kulipwa. Baada ya miaka mitatu naitwa: kiraka changu kizima, lakini zege la zamani limepasuka kukizunguka chote kama fremu ya picha. Nilikuja kueleweshwa baadaye. Zege la zamani lilikuwa na chumvi inayoalika kutu, langu halina. Kutu ikiacha kula ndani ya kiraka inashika kwa kasi pembeni yake, kwenye nondo ile ile. Siku hizi kuna vipande vya zinki vinavyofungwa kwenye nondo pembezoni mwa kiraka ili viliwe badala ya chuma, ila vinaagizwa na bei yake ina meno. La sivyo, vunja mbali kuliko unavyoona kutu, mpaka ufikie nondo safi, halafu ongeza kidogo.

Na usafi si wa upande wa mbele tu. Chimba nyuma ya nondo mpaka kidole kipite, kama mm 25, uisugue mzunguko wote ing'ae, uioshe kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi. Kingo za kiraka zikatwe wima kwa grainda. Ukiacha ukingo mwembamba kama chapati, utabanduka.

mhandisi_wa_zamu:
Naunga mkono mzee hapo juu. Naongeza hesabu, maana dada ametupa vipimo.

Nondo ya mm 10 iliyobaki mm 7 haijapoteza theluthi ya nguvu kama wengi wanavyodhani. Nguvu inafuata eneo la mkato, na eneo linafuata mraba wa kipenyo: 49 kwa 100. Imebaki na nusu. Kwa kawaida upotevu ukifika kama robo tunaongeza nondo mpya pembeni ya ile ya zamani, na ya zamani HAIKATWI.

Kuhusu kuchomelea. Nondo nyingi za zamani zilipewa nguvu kwa kusokotwa zikiwa baridi, moto ukizipata zinarudi ulaini. Nyingi za siku hizi hupozwa ghafla kwa maji kiwandani, nazo zinadhoofika kwa moto usiopimwa. Zipo za kuchomelea, lakini lazima ujue aina ya chuma pande zote mbili, na kwa nyumba ya 1991 hujui. Zaidi ya hapo, unachomelea kwenye chuma kilicholiwa na kutu, kiungo kinashikilia nini?

Badala yake, nondo mpya inalazwa sambamba na nzima, zipishane angalau mara 40 ya kipenyo. Kwa mm 12 hiyo ni mm 480, mimi pwani naweka 600. Pasipo na nafasi, unatoboa tundu kwenye zege lililo imara na kuigandisha kwa gundi ya epoksi, ila vumbi la tundu litolewe kwa brashi na kupulizwa. Vumbi likibaki, gundi inashika vumbi.

Tafuta mhandisi aliyesajiliwa na ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, aje kuona. Makaratasi ya milioni ni maneno ya kijiweni.

Kipara_wa_Makorora:
Sawa nimenyamaza. Ila ngazi zangu mmenitia homa.

Tindo_na_Nyundo:
Kipara, ngazi imeshikwa juu na chini, una muda. Lakini gonga kwa nyundo ndogo usikilize. Zege zima linalia kali, lililoachana na nondo linalia kama debe tupu.

binti_chumbageni:
Narudi na majibu baada ya wiki tatu.

Tanki tulilishusha jioni ile ile. Mama alinuna, akasema baba yenu alijenga nyumba si kichuguu. Mirunda kumi na miwili ikapigwa kesho yake.

Mhandisi alikuja, akafungua sehemu tatu juu kando ya ukuta. Nondo za juu ZIPO, mm 12, tena baba alizilaza vizuri. Sehemu mbili zimebaki mm 11 na zaidi. Ya tatu, palipokuwa na tanki, maji yalikuwa yanavuja kwenye koki na kutuama chini ya vigae miaka yote, hapo zimebaki mm 9. Nilipiga hesabu mwenyewe, 81 kwa 144, nikakaa chini.

Tumeongeza nondo nne upande huo, zimeingia sm 60 ndani ya sakafu ya chumba cha mbele. Chini wamechimba nyuma ya nondo zote, eneo likawa mara tatu ya nilivyodhani, mzee wa Pangani alikuwa sahihi. Mchanga wa mtoni, zege la kiraka limefunikwa magunia na kumwagiwa maji asubuhi na jioni. Sakafu mpya ina mwinamo wa kutoa maji nje, na chini ya ukingo wameacha mfereji mdogo ili tone lidondoke lisirudi ndani. Gharama ni mara tano ya fundi wa kwanza. Ndugu tumechanga, mmoja bado anadaiwa na anajijua.

Mirunda inakaa mpaka zege litimize siku 28. Mama amefunga kamba katikati yake anaanikia kanga, na anauliza kama lazima itolewe.